Maziwa kwa Jiwe la Vikombe

Askerby
Jumapili, 6 Mei 2001

Mpendwa Babu,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mbwa. Mimi sijambo. Shangazi Noreen naye hajambo, ila anasema nikuambie uache kujikata nywele kwa mkasi wa kukatia sufu. Mimi sikumwambia. Ni Dougie wa posta aliyemwambia, na amesema kwa nyuma unafanana na kondoo aliyeponyoka mikononi mwa mkataji.

Ni wiki tisa sasa tangu uniache kituo cha basi na sanduku la Baba. Nakumbuka maneno yako: wa shambani abaki shambani, wa shule abaki mjini, mpaka ugonjwa upite. Nilidhani ni wiki mbili. Hata Pasaka nilikuwa nimeshafunga mizigo, ndipo Shangazi akasema umepiga simu kwamba nisije. Sikulalamika. Najua ugonjwa wa miguu na midomo haupandi basi wenyewe, hubebwa na watu.

Ijumaa ijayo ndiyo siku ya mwisho ya masomo. Baada ya hapo ni mitihani tu, na shule nimemaliza. Mwalimu alituzungusha kila mtu aseme atafanya kazi gani. Wengine walisema saluni, wengine jeshi. Zamu yangu ilipofika nikasema "kondoo," kwa sauti ndogo. Mtu wa nyuma akalia "meee," darasa zima likacheka. Nikacheka kidogo na mimi ili yaishe.

Babu, umeshawapandisha kondoo nyikani? Nani atamwaga maziwa kwenye Jiwe la Vikombe? Tangu nilipokuwa na miaka minne ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye mdogo wa nyumba, na sijawahi kukosa hata mwaka mmoja. Juzi nililiota lile jiwe. Niliota vikombe vyake, vile vishimo vilivyochongwa juu yake, vimejaa mchanga, nami navichimbua kwa kijiko. Nakumbuka ulivyonisimulia kwamba mwaka wa arobaini na sita hamkumwaga, mkaona ni mambo ya kizamani, na theluji iliyofuata ikafukia nusu ya kundi. Sisemi kwamba naamini. Lakini afadhali kumwaga.

Shangazi anasema kwa nini nisipige simu kama watu wengine. Lakini wewe husikii na mimi sisemi, kwa hiyo tutabaki tunapumua tu.

Nisalimie Bi Mkubwa. Mwambie pembe yake iliyopinda naikumbuka.

Mjukuu wako,
Hester


Gillrigg
11 Mei

Mjukuu wangu Hester,

Barua imefika, na harufu ya sabuni ya shangazi yako juu yake. Dougie haingii tena uani. Anasimama barabarani upande wa pili wa majani makavu yaliyoloweshwa dawa ya kuua ugonjwa na kupaza sauti: "We Cuthbert! Bado u hai?" Mimi namjibu: "Nimekufa Jumatatu, acha barua mlangoni." Huyo ndiye mtu ninayezungumza naye. Mwambie Noreen nywele zangu ni zangu.

Hao waliolia "meee," mmoja wao angekaa siku moja tu na Bi Mkubwa angejua nani ni mjinga. Usiwajali.

Kondoo wamepanda Jumanne. Bi Mkubwa mbele, kama kawaida, na kwenye lango la pili akasimama kama bibi harusi anayesubiri atandikiwe kanga, nikabaki namsihi. Amezaa mapacha mwaka huu, jike na dume. Dume ana sikio moja jeusi. Wanakondoo wote wazima.

Kuhusu maziwa, sikufika kwenye jiwe. Goti. Niliishia ukuta wa juu. Jiwe limekaa pale miaka elfu nne bila kutudai chochote, litavumilia mwaka mmoja.

Sasa nisikilize. Usije. Hata karibu na nyika usikanyage. Njia zote zimefungwa kwa kamba na mabango, na zimefungwa kwa sababu. Kazi yako ni vitabu. Kondoo niachie mimi.

Babu yako,
C. Iveson


Askerby
29 Mei

Mpendwa Babu,

Nimefanya mtihani wa hisabati na wa biolojia. Wa biolojia ulikuwa na swali la mwanakondoo na mama yake, kuhusu kurithi rangi ya uso. Niliandika kurasa mbili na karatasi ikaniishia. Nadhani nilizidisha.

Nimepata kazi ya Jumamosi kwenye duka la mikate la Bwana Aske. Nikimaliza mitihani nitafanya kila siku mpaka utakaposema nirudi. Ni kazi ya kuuliza watu "Mkubwa au mdogo?" na kufunga karatasi. Hilo naweza.

Jumapili nilitembea kidogo. Hali ya hewa ilikuwa nzuri.

Babu, siku hizi kondoo wako upande gani wa nyika? Bado wanapumzika kwenye jiwe mchana kama zamani? Nauliza tu.

Hester


Gillrigg
3 Juni

Hester wangu,

Kurasa mbili! Masikini msahihishaji.

Kondoo hawakai kwenye jiwe mwaka huu. Wamehamia kaskazini, kule juu ya kijito, upepo ulipo mzuri na inzi wachache. Ni Bi Mkubwa aliyeamua, na unajua akiamua hakuna kamati. Yule mwanawe wa sikio jeusi amegundua kwamba mama yake akilala anaweza kumpanda mgongoni. Anasimama pale juu anatazama nyika yote kama waziri. Dada yake anajaribu naye, anateleza. Jana nimewatazama muda mrefu mpaka chai ikapoa.

Kuna mwingine, mwana wa yule jike kiwete, kila ndege sululu akilia naye anamjibu. Sijawahi kuona kitu kama hicho miaka sabini na moja.

Utanisamehe kwa kuandika mengi. Kukuandikia habari zao kunanipendeza kuliko nilivyodhani.

Soma. Kula.

Babu


Gillrigg
24 Juni

Hester,

Dougie amepita mara tatu mikono mitupu. Nilimwambia labda ameidondosha barua yako, akaapa kwa mama yake. Mitihani si imekwisha Jumatano? Umefaulu au umeanguka, kwangu ni sawa. Andika hata mstari mmoja. Kama umenikasirikia, andika hilo.

Babu


Askerby
1 Julai

Baba,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utajifanya husikii.

Nilikuambia tangu Pasaka: mwambie mtoto. Ukaniapisha ninyamaze. "Baada ya mitihani, Noreen. Asije akakaa kwenye chumba cha mtihani anawaona." Sawa, nikakubali. Miezi miwili na nusu nimekuwa nikificha magazeti chini ya godoro kama mwizi, nikizima redio kila habari zinapoanza. Nami sikujua kwamba wewe huko unamwandikia habari za wanakondoo! Nimeziona barua zako, ameziacha mezani. Mapacha! Sikio jeusi! Baba, umepatwa na nini?

Sasa amejua. Ijumaa ya tarehe kumi na tano alirudi kutoka dukani bado amevaa aproni, akapanda chumbani. Nimekuja kusikia kwamba Bi Pratt wa barabara ya chini ndiye aliyempa pole mbele ya watu, wakati ananunua mkate. Iliyobaki ya mitihani aliifanya, alikwenda na kurudi kama mtu anayetembea usingizini.

Nilitegemea atakukasirikia wewe. Hapana. Halii, hakulaumu, hali. Nimemwona anaosha viatu vyake vya shambani ndani ya bafu langu kwa dawa ya chooni. Mara tatu, siku tatu. Nilipomwambia, "Hester, mama, viatu gani hivyo visivyotakata?" alinitazama kana kwamba nimempiga.

Jana ameondoka. Amepata kazi ya kuosha vyombo kwenye nyumba ya wageni huko pwani, alijibu tangazo la gazetini. Nilimwambia, "Nenda kwanza kwa babu yako, japo siku mbili." Akasema, "Mimi siwezi kukanyaga pale, Shangazi." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe acha tu."

Anwani yake iko nyuma ya karatasi hii. Mwandikie, na safari hii mwandikie ukweli.

Noreen


Nyumba ya Wageni ya Bi Harker
Pwani
8 Julai

Mpendwa Babu,

Shangazi ameniambia amekupa anwani. Nilikuwa sitaki, lakini sasa afadhali niandike mimi kwanza kabla hujaniandikia wewe.

Nina jambo la kukiri. Jumapili ya tarehe ishirini na saba Mei nilikwenda kwenye jiwe.

Najua ulinikataza. Lakini ulisema hukufika na maziwa hayakumwagwa, na wanakondoo wote ni wazima, nikaogopa isiwe kama mwaka ule wa arobaini na sita. Nilichukua maziwa kwenye friji ya Shangazi nikayatia kwenye chupa ya jamu. Yalikuwa ya ng'ombe, ya dukani. Nilijua si sawa, yanatakiwa ya kondoo wa kwanza kuzaa, lakini sikuwa na mengine. Niliendesha baiskeli mpaka mwisho wa lami upande wa Askerby. Langoni kulikuwa na kamba nyekundu na bango la MARUFUKU. Nikapita pembeni, kupitia shamba la watu. Lilikuwa na ng'ombe, Babu. Nilikanyaga kinyesi mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nikajifuta kwa majani nikaendelea kupanda.

Sijawahi kuiona nyika vile. Hakuna mtu hata mmoja, hakuna mbwa, wala mtu mwenye fimbo na ramani wa kutuuliza njia. Sululu walikuwa wengi na hawakuniogopa. Nilitembea saa nzima na nusu, nilikuwa nimesahau kwamba kutoka upande ule jiwe halionekani mpaka umelifikia. Unatafuta kitu kikubwa, kumbe limelala chini, sawasawa na ardhi, kama meza ya jikoni iliyozikwa ikabaki uso tu.

Nilipiga magoti kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniona. Niliondoa kuvu kwenye duara kubwa kwa kidole, lile lenye miviringo minne, nikafuatisha mmoja baada ya mwingine mpaka kwenye kikombe cha kati. Kulikuwa na maji ya mvua humo, na wingu ndani yake. Niliwafikiria waliokichonga. Zamani ulinichekesha uliposema walikuwa wachungaji tu waliokosa kazi siku ya mvua. Siku ile sikucheka. Mtu alipiga jiwe kwa jiwe siku nyingi ili pawe na shimo dogo la kutia kitu, na hatujui ni kitu gani alichotia, wala alichokuwa akikiomba. Mimi angalau nilijua ninachoomba. Nikamwaga. Maziwa yakashuka kwenye mfereji mpaka kwenye ufa, yakaingia ardhini.

Sikuona kondoo hata mmoja. Nyasi zote zilizozunguka jiwe zilikuwa ndefu, zimefika magotini, pale ambapo siku zote huwa fupi kama zulia. Nilizitazama na sikuelewa. Niliona tu kwamba ni nzuri, zina maua meupe. Nikakuuliza kondoo wako upande gani, ukanijibu wako kaskazini, nikafurahi.

Kisha tarehe kumi na tano Juni Bi Pratt aliingia dukani. Nikamuuliza, "Mkubwa au mdogo?" Akanishika mkono juu ya kaunta akasema, "Ah, wewe ndiye mjukuu wa Cuthbert! Pole, mwanangu. Wote, hata wachanga! Bunduki tulizisikia mpaka kwetu, mume wangu alitoka nje akaenda kukaa kwenye trekta." Nikamwambia, "Asante." Nikamfungia mikate miwili badala ya mmoja. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake. Nilitaka kumuuliza ni lini, lakini aliyefuata alikuwa ameshasema, "Mdogo."

Lakini hesabu yake haihitaji kuuliza. Tarehe ishirini na saba Mei nilipita kwenye ng'ombe nikapanda nyikani. Tarehe tatu Juni uliandika kwamba bado wanacheza. Tarehe kumi na tano walikuwa wameshauawa, kama wanavyouawa wote ugonjwa ukiingia. Kwenye biolojia tulifundishwa kwamba ugonjwa hujificha mpaka siku kumi na nne. Inaingia kamili. Ni viatu vyangu, Babu. Au ni maziwa, niliyamwaga pale pale wanapolala. Nimewaua Bi Mkubwa na yule wa sikio jeusi na yule anayeongea na sululu.

Nadhani umejua. Nadhani kuna mtu aliona baiskeli yangu akakuambia, na ndiyo maana katika barua ya mwisho hukuwataja kondoo hata kidogo. Ulinihurumia. Nakuomba usinihurumie.

Sitarudi Gillrigg. Hapa naosha vyombo na hakuna mnyama yeyote. Usinijibu.

Hester


Gillrigg
10 Julai

Hester,

Keti. Kama umesimama kwenye hilo sinki, kausha mikono uketi.

Si wewe.

Nimeandika hilo peke yake ili ulione kabla ya mengine. Sasa mengine.

Kondoo wetu waliuawa Alhamisi kabla ya Pasaka, tarehe kumi na mbili Aprili. Ulipopiga magoti kwenye jiwe walikuwa na wiki sita na siku tatu chini ya udongo. Muulize Noreen, muulize Dougie. Imeandikwa kwenye gazeti la tarehe kumi na nne, na shangazi yako analo chini ya godoro. Hata ungepanda kule na kundi zima la ng'ombe wagonjwa nyuma yako, hukuwa na kondoo wa kumwambukiza.

Nao hawakuwa wagonjwa. Hata mmoja. Ugonjwa ulikuwa kwa jirani, na sisi na jirani tunachangia ukuta, na amri ya serikali ilikuwa kwamba wanaochangia ukuta wanakwenda pamoja. Walikuwa wote chini, kwenye mashamba ya nyumbani, kwa sababu ya kuzaa. Wasingekuwa wanazaa wangekuwa nyikani na labda ningebishana. Walikuja watu watano wenye mavazi meupe. Daktari wa mifugo alikuwa msichana, mkubwa kwako kidogo. Aliniambia, "Mzee, ingia ndani." Nikamwambia, "Mimi nimewazalisha, nitasimama." Tangu asubuhi mpaka saa kumi. Mara mbili alikwenda nyuma ya banda, nikamsikia anatapika. Nikampa maji. Usimchukie.

Bi Mkubwa hakuzaa mapacha. Alizaa mmoja, jike, Jumanne ya wiki ile ile. Alikuwa na siku mbili. Masikio yake yote yalikuwa meupe. Wa kuongea na sululu hakuwahi kuwapo kabisa.

Shangazi yako anauliza nimepatwa na nini. Nitakuambia wewe, yeye hatanielewa. Barua yako ya kwanza ilipofika nilikaa mezani niandike ukweli. Niliandika "Hester, kondoo" na kalamu ikasimama. Nikafikiria chumba cha mtihani. Nikaandika "wamepanda Jumanne." Hapo palikuwa kwa ajili yako. Lakini nilipofika kwenye lango la pili, Bi Mkubwa akasimama. Nakuapia sikumwambia asimame. Nikamwona. Barua ya pili haikuwa kwa ajili yako tena, ilikuwa yangu. Ile chai niliyosema imepoa, ilipoa kweli, hapa dirishani, natazama shamba tupu. Kwa saa moja nilikuwa na kundi.

Sikufikiri kwamba kila mwanakondoo ninayemwumba kwa kalamu nitakuja kukuulia wewe. Hilo ndilo kosa langu na nimelielewa jana, niliposoma barua yako nimesimama barabarani na Dougie akaniuliza, "Vipi, Cuthbert?" nikashindwa kumjibu upuuzi wowote.

Nyasi zilikuambia ukweli ambao mimi sikuweza kuuandika. Usijilaumu kwa kutozielewa. Hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuziona zikiwa ndefu pale.

Kuna jambo jingine, kwa kuwa nimeapa kutobakiza. Watu wanaongea habari za kuleta kondoo wengine. Lakini kondoo wa dukani ukimpandisha nyikani leo, kesho yuko wilaya ya pili. Hatuna ua kule, hatujawahi kuwa nao. Mama alimwonyesha mwana mahali pao panapoishia, na mwana akamwonyesha mwanawe, tangu kabla ya babu ya babu yangu. Daktari yule aliniomba nimchoree ramani ya mpaka wetu, ajaze fomu. Nikachukua penseli. Hester, sikuujua. Miaka sabini na moja nimekuwa nikisema "nyika yangu," kumbe nilikuwa nawafuata tu. Najua jiwe, najua kijito. Katikati ya hapo wao ndio waliojua, na sasa hakuna anayejua.

Wamezikwa chini ya shamba la mtoni. Sijafika tena upande ule.

Sikuombi urudi. Umesema hutarudi na una haki, sasa kwa sababu nyingine. Nakuomba tu uamini tarehe.

Babu yako,
Cuthbert Iveson


Nyumba ya Wageni ya Bi Harker
Pwani
29 Julai

Mpendwa Babu,

Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili. Sikuifungua kwa siku tisa. Niliiweka nyuma ya bomba la maji ya moto kwa sababu niliona bahasha ni nene, nikadhani umeandika jinsi walivyokufa, siku baada ya siku, tangu viatu vyangu vilipopita. Bi Harker ndiye aliyesema, "Binti, hiyo barua itapikika." Nikaifungua nikiwa nimekaa juu ya kreti ya viazi.

Nitakuambia kilichotokea, ingawa nina aibu. Nilipofika kwenye tarehe kumi na mbili Aprili, nilifurahi. Nilifurahi kwamba walikufa mapema. Nilishika kichwa nikacheka peke yangu stoo, kama dakika nzima, kwamba Bi Mkubwa alikwisha kuzikwa kabla mimi sijafika. Kisha nikasikia ninachokifurahia. Nikalia mpaka Bi Harker akanirudisha chumbani na kuosha vyombo yeye mwenyewe.

Baadaye nilikukasirikia. Sijui kukasirika vizuri, sijazoea. Siku tatu niligonga sahani. Nilikuandikia barua mbili nikazichana. Moja ilisema kwamba wiki tano nzima nimekuwa muuaji kwa sababu ya sikio jeusi ambalo halikuwahi kuwapo. Bado ni kweli, ndiyo maana nimeirudia hapa, lakini sasa naisema bila kugonga kitu.

Na kuna jambo jingine ambalo sikulitegemea. Yule anayeongea na sululu, nimemlilia naye. Najua hakuwapo. Nimewalilia wa kweli na wa barua, na siwezi kuwatenganisha kwenye kichwa changu, na nadhani wewe pia huwezi. Wewe umekaa na makundi yote mawili peke yako tangu Pasaka, bila mtu wa kumwambia, na Dougie barabarani anapiga kelele kama bado u hai.

Kuhusu mpaka, sina jibu. Nimefikiri sana wakati naosha. Labda tutakuja kujua, labda hatutajua, na mpaka wetu utaanza upya mahali pasipo sahihi. Sitaki kukuahidi jambo la kukufurahisha. Naomba na wewe usiniahidi. Usiniandikie tena kitu chochote kizuri ambacho hukukiona.

Nimemwambia Bi Harker kwamba naacha kazi Ijumaa. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi, nitashuka njia panda saa saba na dakika kumi. Usijisumbue na goti lako kuja kunipokea mbali, simama hapo getini tu.

Nikifika usiniandalie chai. Usiniulize habari za mitihani. Nishike mkono unipeleke kwanza shamba la mtoni, pale ambapo hujafika. Twende wote wawili, mchana, tusimame tupaone. Kisha ndipo tutaingia ndani.

Mjukuu wako,
Hester